Reale, Pesa na Rupia: Safari ya Pwani ya Tanga

Wanaokwenda Tanga wana sababu zao. Kuna wanaofuata mapango ya Amboni, kuna wanaofuata machungwa ya Muheza, na kuna waliooa huko wakashindwa kurudi kwao. Mimi nilikwenda kutazama fedha za watu, tena fedha zisizonunua hata kiberiti. Nina maradhi ya kukusanya sarafu za zamani, na mwenye maradhi haya akitajiwa mji wa bandari hujiuliza kwanza nani alilipwa nini pale, na fedha ile ikaishia wapi.

Kilichonichokoza safari hii ni kitabu cha Edward Steere, mmisionari Mwingereza, kilichotoka mwaka 1870 kuwafundisha wageni Kiswahili cha Unguja. Katika orodha yake ya maneno amezitaja reale zilizokuwa zikipita mikononi mwa watu wa pwani: reale ya Sham, ambayo ni fedha ya Maria Theresa wa Austria, reale ya mzinga, ya Kihispania, reale ya Kifransa, na reale ya dhahabu, anayoieleza kuwa ni sarafu ya Marekani ya dola 20. Hii ya mwisho ndiyo iliyoninyima usingizi. Wamarekani walianza kuitoa kwa matumizi mwaka 1850, baada ya dhahabu kuvumbuliwa California. Uzito wake ni gramu 33 na ushei, na sehemu tisa katika kumi ni dhahabu. Mwaka 1933 Rais Franklin Roosevelt aliwaamuru raia warudishe dhahabu yao, na sarafu za dola 20 za mwaka huo zikayeyushwa karibu zote. Mojawapo ya zilizosalimika iliuzwa New York mwaka 2021 kwa karibu dola milioni 19. Steere anaitaja ndugu yake kwa mstari mmoja tu, kama mtu anavyotaja bei ya ndizi. Nikataka kuiona pwani ambayo dola ya dhahabu ilikuwa kitu cha kawaida kiasi hicho.

Tanga

Ghuba ya Tanga imejikunja ndani ya nchi kavu, na kisiwa cha Toten kimelala katikati yake na magofu yake ya misikiti. Upande wa Bombo na Raskazone yapo majumba ya Kijerumani yenye kuta nene na varanda ndefu. Mengine yametiwa chokaa upya, mengine yameota miti juu ya dari. Ukivuka reli unaingia Ngamiani, na hapo ndipo Tanga ya watu inapoanza. Barabara zimenyooka na zimepewa namba badala ya majina, baiskeli hazina idadi, na kila kona kuna mtu anayekaanga kitu. Asubuhi nilikunywa chai ya tangawizi kwa mkate wa kumimina. Mchana mwenyeji wangu alinipikia bada, ule ugali wa muhogo, kwa mchuzi wa ng'onda, akakaa kunitazama kama nitaumaliza. Niliumaliza.

Sonara niliyeelekezwa amerithi kazi kwa baba yake, na baba kwa babu aliyetoka Kachchh. Nilipomuuliza habari za reale alinyanyua macho kwenye mizani yake.

"Ndugu yangu, zipo. Ila zimevaliwa."

Akanieleza kwamba zamani mteja alikuja na reale au rupia zake zikiwa zimefungwa kwenye pindo la kanga. Zilipimwa mbele yake, zikaingia kwenye kalibu, zikatoka bangili, vikuku au kipini. "Babu yangu ameyeyusha wafalme wengi," alisema, akacheka peke yake. Na dhahabu? Akainua mabega. Dhahabu ndiyo iliyotangulia kuyeyushwa, maana kila bibi harusi aliitaka.

Jioni alinipeleka mwenyewe kwa bibi mmoja, jirani wa zamani. Tulimkuta kibarazani akichambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wataka kuiona au wataka kuinunua? Maana kuona ni bure."

Kwenye mkufu wake ilining'inia reale ya Sham, imetobolewa juu na kutiwa kipete. Maria Theresa alifariki mwaka 1780, na tangu hapo kila reale yake imeandikwa 1780, hata zile zilizopigwa miaka mia moja na zaidi baadaye, Vienna, London, Roma au Bombay. Watu hawakutaka tarehe nyingine. Begani mwa malkia huyo kuna kibanio chenye lulu ndogo tisa, na wafanyabiashara walizihesabu kabla ya kuipokea. Pungufu ya tisa, reale ilirudishwa kwa mwenyewe. Niliomba ruhusa nizihesabu. Bibi aliuvua mkufu akaniwekea reale kiganjani, ikiwa bado na joto la mwili wake. Lulu zilikuwa zimelika zikawa mstari mmoja wenye mawimbi. Pua ya malkia imebaki kivuli, kidevu hakipo, na ule mtandio wa kichwani umelainika kabisa. Mgongoni, tai mwenye vichwa viwili amepoteza kimoja. Ukingoni tu, mahali pasipogusana na kifua, maandishi yalikuwa makali yanakwaruza kidole.

"Hii kaivaa mama yangu siku ya nikaha yake, na kabla yake kaivaa mama yake," alisema bibi. "Mimi niliivaa, binti zangu wameivaa. Sasa waniambia ina thamani gani?"

Wakusanyaji wa Marekani huipa sarafu daraja kuanzia 1 hadi 70, kwa utaratibu uliobuniwa na William Sheldon mwaka 1949. Sabini ni ile ambayo haijawahi kuguswa na mtu, na wako wanaolipa maelfu ya dola kwa tofauti ya daraja moja. Kwa kipimo hicho reale ya bibi isingefika kumi, na lile tobo lingeitoa mashindanoni kabisa. Sikubaliani nacho. Sarafu isiyoguswa inaeleza habari za mashine iliyoipiga, basi. Tobo la bibi lina habari za harusi za vizazi vinne. Nilimwambia thamani yake sokoni ni ya uzito wake tu, gramu 28 kasoro za uchakavu, akaipokea, akaivaa, akarudi kwenye mchele wake.

Magila

Steere hakuwa mgeni wa mbali kwa watu wa Tanga. Misheni yake ya UMCA ilifungua kituo Magila, chini ya milima ya Usambara, tangu miaka ya 1860, na kanisa lipo hadi leo mahali paitwapo Msalabani. Kutoka Muheza unapita kwenye michungwa na minazi, kisha ardhi inaanza kupanda na hewa kupoa. Wabondei wa huko ni watu wa maneno ya taratibu na karibu za mara mbili mbili.

Mwalimu mstaafu aliyenikaribisha alitoa kopo la mafuta ya kupikia lililojaa senti za Afrika Mashariki, za wakati wa Mwingereza. Zile ndogo zina tundu katikati na pembe za ndovu pande mbili za tundu. Alikuwa amezitunga kwenye kamba ya katani, kama zilivyobebwa zamani kwenda sokoni: ndururu upande huu, peni upande ule. Watoto wake wanaona ni takataka. Yeye anaweza kukwambia ndururu moja ilinunua nini mwaka gani, na anakwambia.

Ile kamba nayo ilinipa la kufikiri. Katani hutoka kwenye mkonge, na mkonge si mti wa huku. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikokwe karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62 yakatoka mashamba yote yaliyoufanya mkoa huu ujulikane duniani, pamoja na manamba waliotoka Songea, Kigoma na Burundi, waliokata mkonge kwa kipande. Siku zilijazwa kwenye karatasi, na hadi kipande kijae siku 30 mtu hakuona fedha. Mwalimu alisema baba yake alijaza vipande kwa miaka, na alijifunza hesabu hapo.

Lakini hazina yake haikuwemo kwenye kopo. Ilikuwa ndani ya bahasha ya khaki: shilingi 5 ya mwaka 1971, yenye pembe kumi, iliyotolewa kukumbuka miaka kumi ya uhuru, na sura ya Nyerere upande mmoja. "Niliipokea kwenye mshahara," alisema. "Nikasema hii haitumiki." Kwa mshahara wa mwalimu wa wakati ule, kuamua kutotumia shilingi tano si jambo dogo. Alikataa katakata kuizungumzia kwa bei, ila aliniambia nichukue ndururu mbili kama kumbukumbu.

Tongoni

Kusini ya Tanga, kando ya njia ya Pangani, unashuka kidogo kuelekea mikoko na kukuta msikiti usio na paa na makaburi zaidi ya 40, baadhi yakiwa na nguzo ndefu zilizowahi kupambwa kwa bakuli za Kichina. Nguzo nyingi zimeanguka. Moja imeegemea upande, na mzee anayetunza mahali pale huwakemea watoto wanaotaka kuipanda.

Mji huu ulijulikana kama Mtang'ata. Vasco da Gama alipita hapa mwaka 1498, meli yake ya São Rafael ikakwama kwenye fungu la mchanga, na aliporudi kutoka India mwanzoni mwa 1499 akaichoma moto karibu na hapa kwa sababu mabaharia waliobaki hawakutosha kuiendesha. Wakusanyaji wa Marekani wanamtukuza mwenzake: sarafu yao ya kwanza ya kumbukumbu, nusu dola ya mwaka 1892, ina sura ya Columbus. Gama wa Mtang'ata aliacha mkaa.

Watu huniuliza kama sarafu za kale zinaokotwa mahali kama hapa. Pwani hii ilipiga fedha zake karne nyingi kabla ya Mzungu. Masultani wa Kilwa walitoa sarafu ndogo za shaba zenye majina yao, na tano kati yake ziliokotwa mwaka 1944 kwenye kisiwa kimoja kaskazini mwa Australia, mahali ambapo hakuna aliyezitarajia. Huku Pemba, ng'ambo ya mkondo, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua Mtambwe Mkuu mwaka 1984 sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na chache za dhahabu za Kifatimi. Lakini anayeota kuinama Tongoni na kujaza mfuko ajue sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Mimi naiunga mkono, tena nikiwa mkusanyaji. Sarafu iliyong'olewa ardhini bila mtu kuandika ilikuwa kina gani na kando ya nini imekwisha kufa.

Pangani

Pangani ni mji unaotaka kupendwa polepole. Mto unaoteremsha maji ya Kilimanjaro na Meru unaingia baharini hapo, mpana na wa rangi ya chai ya maziwa, na pantoni inakwenda na kurudi Bweni tangu alfajiri. Kando ya mto kuna Boma, lenye milango ya nakshi, na nyumba za wafanyabiashara ambazo ghorofa zake za juu zinakaliwa na popo. Nilikula wali wa nazi na changu wa kukaanga kwenye kibanda ambacho mpishi wake alikuwa akigombana na nahodha kwa dirisha. Ugomvi wenyewe ulihusu shilingi mia tano.

Hapa ndipo reale ya dhahabu ilipoanza kunielea. Misafara ya pembe iliyotoka Umasaini na bara ya kaskazini ilishukia Pangani, na wanunuzi wakubwa wa pembe zile huko Unguja walikuwa Wamarekani. Sultani Seyyid Said wa Unguja alitia saini mkataba nao mwaka 1833. Balozi wao wa kwanza, Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, Massachusetts, alifika 1837. Walileta kitambaa cha pamba, ile merikani iliyovaliwa hadi Tabora na Ujiji, wakachukua pembe za kutengenezea vitufe vya piano, na sandarusi ya kutengenezea vanishi. Ilipozuka vita ya wenyewe kwa wenyewe kwao, 1861 hadi 1865, pamba ilikatika na merikani ikaadimika. Mnunuzi asiye na kitambaa inabidi alipe kwa kitu kingine, na Steere aliandika msamiati wake miaka michache tu baadaye. Sitashangaa kama dola zile zilishika njia ileile ya pembe, ila kwa kurudi nyuma.

Siku ya pili mtu mmoja wa Pangani alinionyesha sarafu iliyonifanya niisahau dhahabu. Ni pesa moja ya shaba, nyembamba, imekuwa kahawia iliyoiva. Upande mmoja yupo tai wa Ujerumani, mabawa wazi, taji juu. Igeuze: maandishi ya Kiarabu yaliyoandikwa kwa mkono mzuri, yanasomeka kuwa ni ya sharika ya Kijerumani, na chini yake mwaka, 1307.

Mwaka ule wa Hijria ulianza mwishoni mwa Agosti 1889. Mwaka mmoja kabla yake, Agosti 1888, maofisa wa sharika hiyohiyo, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, walikuja Pangani kupandisha bendera yao na kushika forodha waliyoikodi kwa Sultani. Watu wa mji wakakataa. Abushiri bin Salim al-Harthi akaongoza vita iliyoenea pwani nzima, na sharika ikafukuzwa karibu kila mahali hadi serikali ya Ujerumani ikamtuma Hermann Wissmann na jeshi. Abushiri alinyongwa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Kwa kalenda ya watu wa mji ulikuwa mwaka 1307. Kwa hiyo mtu aliyeshuhudia kamba ile, muda si mrefu baadaye alirudishiwa chenji dukani kwa shaba yenye jina la sharika na mwaka wa msiba, kwa hati anayoisoma mwenyewe. Orodha za bei za wakusanyaji zinasema pesa ya 1307 si adimu, inapatikana kwa fedha kidogo. Kweli, zilipigwa nyingi. Rupia moja ilikuwa pesa 64.

Wakati nikisubiri pantoni alinijia kijana na kitu kilichofungwa kwenye pamba. Rupia ya Mjerumani, akanong'ona, ile yenyewe, inayovuta mchele: ukiisogeza kwenye sinia punje zinaifuata. Bei, milioni nne. Biashara hii ipo nchi nzima na imewalia watu nyumba. Rupia halisi ya sharika ina Kaisari Wilhelm wa Pili mwenye kofia ya chuma upande mmoja, simba na mnazi upande wa pili, na ni fedha ya gramu 11 na nusu hivi. Nina sumaku kwenye funguo zangu. Fedha haishikwi na sumaku. Ile rupia ilirukia funguo ikang'ang'ania. Nikamwomba basi tujaribu mchele. Akaniambia leo Ijumaa, haifanyi kazi.

Saadani

Ukivuka Bweni unapita Ushongo na Mkwaja, kisha unaingia hifadhi ya Saadani, ambako ndovu na mchanga wa bahari vinaonekana kwa mtupo mmoja wa jicho. Kijiji cha Saadani kilikuwa cha Bwana Heri bin Juma, aliyepigana na Wajerumani vita ileile ya Abushiri, na kilikuwa bandari yenye kushindana na Bagamoyo. Leo kuna wavuvi, kamba wanaoanikwa, na nyani wanaoiba kamba.

Kwa mkusanyaji, Saadani ni mfuko wa chenji uliopata uhai. Nyati wa shilingi 500 yupo, simba wa shilingi 200 wapo ingawa sikuwaona, na aliyepita mbele ya gari letu alfajiri alikuwa yule wa Tabora. Mwaka 1916 Wajerumani, waliozingirwa na kuishiwa fedha, walifungua kiwanda cha sarafu kwenye karakana ya reli Tabora. Kwa shaba ya maganda ya risasi na makombora walipiga sarafu ndogo za heller, na kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke walipiga rupia 15 zenye ndovu aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake. Zilitoka 16,000 na kidogo. Wanasema mchongaji alikuwa sonara mtu wa Ceylon. Naamini, maana ndovu yule ana masikio yaliyochongwa kwa mapenzi, jambo ambalo sijaliona kwenye fedha yoyote ya Berlin.

Bagamoyo

Sharika ya Kijerumani ilikuwa na makao yake hapa hadi serikali yao ilipohamia Dar es Salaam mwaka 1891. Mji umejaa wageni, wachongaji, na wanafunzi wa sanaa wanaopiga ngoma hadi magharibi. Nilizunguka magofu ya Kaole na kiongozi wa watalii, kijana mwepesi wa maneno, na alipojua ugonjwa wangu alinitolea mkebe wa peremende.

Ndani yake kulikuwa na robo dola za Marekani. Wageni humpa bahashishi kwa chochote kilichobaki mfukoni, na maduka ya kubadilisha fedha hayapokei sarafu, kwa hiyo amezigeuza kazi. Kati ya 1999 na 2008 Wamarekani walitoa robo 50 za kumbukumbu, moja kwa kila jimbo, tano kila mwaka, na yeye amepania kuzimaliza zote bila kukanyaga kwao. Amezipanga kwenye daftari la shule, kila moja kwenye kimfuko chake, na kando ameandika aliyempa na siku. Alinionyesha Massachusetts ya mwaka 2000, yenye mkulima aliyeshika bunduki. Nikamsimulia habari za Salem, balozi Waters, merikani na pembe za Pangani. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaandika "Salem, pembe" kwenye daftari, pembeni ya kimfuko.

"Kaka, hizi za Massachusetts ninazo mbili," alisema. "Una nini?"

Nikatoa zile ndururu za mwalimu. Akazigeuza, akapitisha jua kwenye tundu, akanipa robo yangu. Yamemsalia majimbo saba, na linalomuumiza ni Wyoming.

"Wyoming kuna watu kweli?"

"Wapo, ila wachache."

"Basi hao hawapendi kusafiri," akasema, akaandika namba yangu ya simu kwenye nafasi ya Wyoming.